Nilivyomfuata Mbeyu Hadi Shika Adabu

Wenzangu wa godauni, naona kila mmoja wenu amejitungia habari yake kuhusu Ijumaa ile nisiyoonekana kazini. Ati nilikwenda kwa mganga. Ati nimeacha kazi. Ati dereva Ngala alinipeleka Ukunda kula raha. Ukunda nilifika kweli, lakini hiyo raha mtaihukumu wenyewe. Nimekaa nikayaandika yote, ili nisisimamishwe tena kila nikishuka kwenye foklifti.

Mnajua kwamba mdogo wangu Chengo alikuwa aoe Jumamosi, na kwamba mimi na mke wangu Mbeyu tulichaguliwa kuwa wasimamizi wa ndoa. Kanisani kwetu msimamizi si mtu wa kuvaa suti na kupigwa picha tu. Wiki moja kabla ya harusi huwa kuna siku ya nasaha. Wanaume humkalisha bwana harusi upande wao, wanawake humkalisha bibi harusi upande wao, na wasimamizi ndio wasemaji wakuu. Upande wetu tulimaliza kwa dakika ishirini, soda zikiwemo. Tukaenda kutazama mpira, ukaisha, tukarudi, na wanawake walikuwa bado wanamweleza bibi harusi, Dama, namna ya kuamka siku ya kwanza asubuhi.

Katika dakika zile ishirini nilijiona bingwa. Nikamwambia Chengo, "Mke akinuna usimuulize kitu. Mpe siku tatu. Mimi wangu huwa nampa siku tatu, na siku ya tatu mchana utamsikia mwenyewe anakuita kula." Wanaume wakapiga makofi. Jioni hiyo Chengo akamsimulia Dama, Jumapili Dama akamsimulia Mbeyu, na Jumatatu asubuhi Mbeyu akakunja nguo zake na za watoto, maana shule zilikuwa zimefungwa, akasimama mlangoni.

"Nakwenda kwa mama, Shika Adabu," akasema. "Nipe siku tatu."

Nikampa. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Alhamisi mchana nilirudi nyumbani mapema nikakaa mezani kabisa, nikingoja. Hakuna aliyeniita kula. Simu yangu haikupokelewa. Harusi ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi na msimamizi hasimami peke yake, na hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu. Ukweli ni kwamba niliogopa Mbeyu harudi tena.

Mtopanga

Kwetu sisi mume haendi peke yake kumfuata mke kwa wakwe, wala hajisemei akifika. Sharti awe na msemaji. Wazee wangu wote wako mbali, kwa hiyo nikamwomba Ngala, ambaye nimefanya naye kazi miaka kumi na mmoja na ambaye Ijumaa alikuwa na mzigo wa kupeleka Ukunda kupitia Dongo Kundu. Mnamjua Ngala. Akisema maneno kumi kwa siku moja, kesho yake hupumzika. Lakini ndiye niliyempata. Tukapatana nimkute Kipevu saa mbili asubuhi.

Saa kumi na mbili na nusu nilisimama kwa Mama Kadzo, jirani yetu anayeuza mahamri na mbaazi. Nilitaka mahamri mawili tu, basi.

"Mbeyu hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Amerudi?"

"Anarudi leo."

Akaweka kijiko chini. "Aliondoka na mkoba mdogo ama ule mkubwa?"

Sikuwa nimeangalia mkoba.

"Alipokuaga alikuangalia usoni ama aliangalia viatu?"

"Mama Kadzo, nachelewa."

"Nakuuliza ili ujue. Nyumba aliiacha imefagiwa? Sufuria aliziosha? Na yale maua yake ya dirishani, aliyamwagia maji ama hakuyamwagia?"

Nilijibu nilichoweza. Mahamri yalipoa, mbaazi zikaganda, wateja wawili wakajiunga na kusikiliza bila kualikwa. Robo saa ilipopita nikamwuliza, kwa hasira kidogo, "Sasa unanishauri nini?"

"Mimi?" akashangaa kweli. "Sijakushauri kitu, mwanangu. Nilikuwa nauliza tu. Nenda salama."

Kijana wa bodaboda alikuwa ameegemea pikipiki yake muda wote huo. Hanijui, simjui, na hakuwa ameuliza lolote. "Kaka," akasema nilipopanda nyuma, "mnunulie simu mpya." Akapiga stati, tukaondoka. Hadi tunavuka Daraja la Nyali shauri lilikuwa limefungwa na kupigwa mhuri.

Kipevu

Nilimkuta Ngala kwenye foleni ya malori. Lake lilikuwa la wazi, limepakiwa tangu jana: vitanda, magodoro, kabati mbili na masufuria, vyote vya nyumba mpya ya wageni huko Ukunda. Nikapanda, nikafunga mlango, nikasema twende.

Hatukwenda. Foleni ile haikusogea kwa saa mbili na nusu na hakuna aliyejua kwa nini. Madereva wakaanza kushuka mmoja mmoja hadi kwa mama wa chai na viazi karai, nasi tukashuka. Ngala, ambaye nilimtegemea kwa ukimya wake, akanionyesha kwa kidole mbele ya watu wote.

"Huyu mke wake amekwenda kwao."

Dereva mmoja wa Mariakani akachovya kiazi kwenye ukwaju. "Kuna jamaa mmoja namjua," akasema. "Mke alikwenda kwao. Jamaa akanunua friji."

"Mke akarudi?"

"Alirudi akachukua friji."

Mwenzake akatikisa kichwa. "Kuna jamaa mwingine, huyo alilala nje kwa wakwe siku mbili ili waone ana nia."

"Ikamsaidia?"

"Alipata malaria." Akaongeza kwamba mbu wa huko Bamba ni wabaya sana, akajikuna mkono.

Wa tatu alikuwa Kamau, kijana wa kutoka Nakuru. "Buda, wewe zima simu. Akikukosa online siku moja tu atajileta, nakushow."

"Wewe umeoa?"

"Bado naset mambo."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mashauri yote. Yalidumu kikombe kimoja cha chai. Hakuna aliyeuliza mke wangu anaitwaje wala nilimkosea nini, na kila aliyesema alisema akitazama lori lililo mbele yake, kana kwamba linamsomea maneno. Baadaye Kamau akataja kwamba tairi lake la nyuma linalika upande mmoja. Ndugu zangu, mngewaona. Lilianza lini? Linatoa sauti gani? Sauti hiyo ni kwenye kona ama hata barabara ikinyooka? Ulilibebesha mzigo mzito hivi karibuni? Walichuchumaa wote kulizunguka, wakalipapasa, wakalihurumia saa nzima. Maswali yote ambayo hakuna aliyeniuliza mimi, tairi liliulizwa.

Airport

Tulitoka Kipevu karibu saa tano. Ilibidi tupitie kwa fundi wa nguo, kule mitaa ya Airport, kuchukua gauni la Mbeyu la harusi. Nilijiambia kwamba nikienda na gauni ataona sina shaka. Ngala aliegesha lori barabara kubwa, mimi nikaingia ndani kwa miguu. "Dakika tano," nikamwambia.

Fundi ni Mama Neema, mtu wa Kakamega aliyekaa Changamwe miaka ishirini. Hakunipa gauni.

"Gauni halichukuliwi na bwana. Mbeyu alikuwa aje Jumatano kulijaribu. Ako wapi?"

"Yuko kwao."

Akaondoa mguu kwenye cherehani. Palikuwa na mteja mmoja, Bi Asha, mama wa makamo wa pale jirani, aliyekuja kufupishiwa buibui. Bi Asha alinitazama, akavuta kigoda kwa mguu kikaja mbele yangu, kisha akafungua pakiti ya mabuyu.

"Anza mwanzo," akasema Mama Neema.

"Mwanzo upi?"

"Mwanzo."

Nikawaeleza habari za siku ya nasaha. Nilidhani ningemaliza kwa sentensi mbili.

"Ngoja kwanza. Ulisema 'Mbeyu' ama ulisema 'wangu'?"

"Nilisema 'wangu'."

Bi Asha akanyonya buyu. "Wallahi huyu ana kesi."

"Hebu sema vile ulisema siku hiyo. Sauti ile ile."

Nikasema. Wakatazamana. "Siku hiyo ulicheka," akasema Mama Neema. "Sisi tunajua ulicheka. Cheka." Nikacheka, nimekaa kwenye kigoda katikati ya vitambaa, saa sita kasorobo mchana. Sikumbuki kicheko kilichowahi kunichosha kama kile.

Baada ya hapo wakanitetea, jambo ambalo sikulitegemea. Na Mbeyu naye, kuondoka na watoto, haifai. Na kutopokea simu, haifai kabisa. Nikanyoosha mgongo. Kwa dakika kumi nilikuwa mume mwema mwenye mke mgumu. Kisha Bi Asha akasema, "Ila kweli, mwanamke hakunji nguo za watoto kwa neno moja," na nikarudi kuwa hayawani.

Wala hawakusema habari za jamaa mmoja. Walisema habari zao wenyewe, kwa majina, na rangi za shati. Bi Asha alimnunia marehemu mumewe Ramadhani nzima kwa sababu aliuza mbuzi wake bila kumwambia. "Namfuturisha vizuri, uji, tambi, kila kitu, lakini simsemeshi."

"Hakukuuliza?"

"Aliuliza siku ya Idi."

"Ukamwambia?"

"Nililia mpaka nikachoka, kisha tukala pilau. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri. Lakini yule mbuzi alikuwa wangu."

Nikaomba hukumu. Mama Neema akasema nieleze kila kitu, na nisithubutu kusema 'samahani kama nimekukosea'. "Hiyo 'kama' uiache hapa hapa na hivi vitambaa." Bi Asha akasema la, nikae chini kimya, mwanamume akikaa chini kimya hutia huruma. "Akae kimya?" Mama Neema akamaka. "Si kimya ndicho kimemleta hapa!" Wakashikana kwa hoja hadi wakanisahau, na Ngala alikuwa anapiga honi kule barabarani kwa mara ya nne. Dakika zangu tano zilikuwa zimefika saa moja na nusu. Nilipewa gauni limefungwa kwenye shuka safi. Nilipogeuka mlangoni, Mama Neema alikuwa ameshashika simu yake, lakini sikufikiri lolote.

Dongo Kundu

Tulinunua mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, tukaingia barabara ya Dongo Kundu. Ile barabara ni nzuri, imenyooka, na pande zote ni mikoko na maji. Tulikula bila kusema. Redio ilikuwa inaimba.

Tulipofika juu ya daraja refu, Ngala akaizima.

"Kuna jamaa mmoja," akasema akitazama mbele.

Nikangoja friji au malaria.

"Mke wake alikwenda kwao Voi. Jamaa akasema atampa siku tatu. Zikaisha. Akasema, basi wiki, mtu asionekane mnyonge. Wiki ikaisha. Akasema, mwezi. Sasa ukishamaliza mwezi, unakwenda na uso gani? Akawa anangoja apate sababu ya kupita Voi. Alipoipata, mke alikuwa ameshaolewa."

"Jamaa akafanya nini?"

Ngala alitafuna muhogo wake muda mrefu. "Alinunua redio," akasema.

Nikaitazama ile redio. Nakumbuka siku alipoifunga humo lorini, ni miaka mingi, nami nilimpongeza. Nilimwuliza ina spika ngapi. Nilijua mkewe hayupo, na alipotuambia amekwenda kusoma hakuna aliyemwuliza anasomea nini. Nimefanya kazi na mtu miaka kumi na mmoja, najua saizi ya tairi zake zote, na sikuwahi kujua hili. Nilisikia aibu, na nilimhurumia, nikauweka muhogo chini.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyo mke wa jamaa."

Ngala akageuka akaniangalia, jambo ambalo dereva mwangalifu kama yeye halifanyi juu ya daraja. "Wakesho," akasema. Akarudi kutazama barabara, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona anatabasamu. "Alikuwa akicheka, unasikia nyumba ya tatu."

Akaendelea kunieleza habari za Wakesho hadi Shika Adabu. Nadhani alitumia maneno ya mwezi mzima, na pengine hilo ndilo lililotuponza tulipofika.

Shika Adabu

Nyumba ya wakwe zangu iko ndani kidogo ya barabara. Ngala aliliingiza lori kwa ustadi mkubwa kati ya mnazi na choo hadi mbele ya uwanja. Jirani mmoja aliyekuwa anaanika nguo akashika kichwa.

"Jamani! Analeta vyombo!"

Kwa mgeni asiyejua: kwetu binti akiolewa, wazazi wake humpa vyombo vya kuanzia maisha. Mume akimkataa, vyombo hurudi, na anayevirudisha hana haja ya kutamka neno. Sasa mimi nilikuwa nimefika kwa wakwe siku ya nne na lori lililojaa vitanda. Mimi na Ngala tulikuwa na mzigo ule tangu asubuhi. Madereva wote wa foleni waliuona. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyewaza hilo.

Mama mkwe akatoka na mwiko mkononi. Aliangalia lori, akaniangalia mimi. "Karisa," akasema polepole. "Hata kitanda, mwanangu?" Akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa leso.

Nilifungua mdomo. Ngala akanikanyaga mguu. Mume hajisemei, msemaji ni yeye. Akajinyoosha, akasafisha koo, uwanja mzima ukamgeukia.

"Sivyo," akasema Ngala. Akanyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba.

Baba mkwe alikuwa anazunguka lori akihesabu kwa kidole. "Kumi, kumi na moja, kumi na mawili. Bwana Karisa, mimi mwanangu nilimpa godoro moja. Haya mengine ni ya nani?"

"Ukunda," akajibu msemaji wangu.

"Ana mke Ukunda!" mama mkwe akapiga yowe, na leso ikaanguka.

Hapo nilivunja mila. Nilipiga kelele kwamba ni mzigo, ni mzigo wa nyumba ya wageni, tunapita tu, na Ngala akakumbuka kuchomoa karatasi za mzigo mfukoni. Baba mkwe akavaa miwani akazisoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini, hata namba za simu. Alipofika kwenye "masufuria makubwa sita", yule jirani wa nguo akaanza kucheka, kisha mama mkwe, kisha watoto wangu wawili wakatoka mbio ndani wakapanda juu ya magodoro. Mbeyu hakutoka.

Tulipewa madafu na wali wa nazi kwa samaki. Nilikula kwa woga. Baada ya kula baba mkwe akanipeleka kando, karibu na banda la kuku, akatazama kuku, akaanza.

"Mwanangu, wanawake ni wa kuachiwa nafasi. Mimi mama yenu aliwahi kwenda kwao. Nikampa wiki mbili. Sikumtafuta hata kidogo."

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu. "Wiki mbili gani?" ikatoka sauti ya mama mkwe. "Si ulinitumia barua tatu! Na moja ina mashairi!"

Baba mkwe aliendelea kutazama kuku. "Yalikuwa mafupi," akasema.

Ndipo Mbeyu akatoka. Alikuwa amevaa leso ya mamake, na nilimwona amependeza hadi nikasahau vyote nilivyofundishwa tangu Mtopanga. Ngala akajiinua kwenye mkeka kwenda kusema.

"Shemeji, kaa," Mbeyu akamwambia. "Leo atajisemea." Akanigeukia. "Umezungumza na watu wangapi leo kuhusu mimi?"

Nikahesabu. "Kama kumi."

"Najua hata ulivyocheka kwa fundi. Mama Neema ameniigizia kwa simu. Haya, kumi hao wamekuambia nimekuja huku kwa nini?"

"Kwa sababu nilikusema mbele ya watu."

"Kusemwa nimezoea, nina mawifi." Hakucheka aliposema hivyo. "Karisa, miaka tisa nikinuna, najiambia, huyu haoni. Mungu kamuumba hivyo, haoni, si kosa lake. Nikakusamehe kwa hilo kila mara, nikainuka nikapika. Kumbe ulikuwa unaona. Unaona, halafu unahesabu."

Watu kumi, wanawake kwa wanaume, na hakuna aliyeligusa hilo. Sikuwa na friji, wala simu, wala neno lolote nililopewa. Nilisema lililokuwepo.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nikikuuliza, utaniambia."

Mama mkwe alikohoa dirishani. Mbeyu alinitazama.

"Na ukiniambia," nikaendelea, "sitajua la kufanya. Siku ya tatu ukiniita kula, najua bado nina mke. Hizo siku tatu sikuwa nakupa wewe. Nilikuwa nimejificha."

Alikaa kimya, nami sikuhesabu. Macho yangu yalikuwa yamelowa na sikujali nani anaona. Kisha Mbeyu akapumua, akafunga leso vizuri kiunoni.

"Nani alikuambia ufanye kitu?" akasema. "Ngoja nichukue mkoba."

Ukunda na kurudi

Watoto walibaki waje kanisani na babu na bibi yao. Sisi watatu tukabanana mbele ya lori, mimi katikati na magoti kwenye gia, Mbeyu dirishani na gauni lake mapajani. Tulikuwa hatujaenda mbali nilipomwona anatazama nje na mdomo ameukaza. Ningekuwa na akili zangu za zamani, ningesema moyoni: moja.

"Mbeyu," nikasema. "Umenuna?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Ngala akapunguza mwendo. Mbeyu akageuka polepole, akanikagua kama anayehakikisha kwamba nimekaa vizuri na sina pa kwenda.

"Unakumbuka wiki ile tulipohamia Mtopanga?"

Akaanza. Alisema kwa mpangilio, hakuruka kitu. Mengine nilikuwa nimekosea, mengine nilikuwa hata sikuwepo lakini nilipaswa kuwepo. Mara mbili nilitaka kujitetea nikajizuia, mara moja nilishindwa tukagombana vizuri hadi tukacheka. Tulishusha magodoro yote kumi na mawili huko Ukunda akiwa bado hajamaliza mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Alikuwa ameshika upande mmoja wa godoro, mimi upande mwingine, na anaendelea. Juu ya daraja la Dongo Kundu Ngala akanong'ona, "Endelea, shemeji, tulikuwa kwenye ile cherehani aliyokuahidi." Jua lilipozama tulikuwa mlangoni kwetu, ndoa yetu, katika masimulizi yake, ikiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Ngala akazima injini akasema hawezi kuondoka katikati. Nikabandika chai ya watatu.

Kwa hiyo wale mliokuwa harusini, mkaniona msimamizi nimekaa mbele ya kanisa macho mekundu, na Mbeyu ndani ya gauni lake akininyoosha kola huku ananinong'oneza sikioni, mkadhani ananiambia maneno matamu: alikuwa bado anaendelea, amefika mwaka wa sita.